Unataka Datsun 240Z ya zamani? Soma hii kabla hujatoa hela

Kila nikiipaki gari yangu, Datsun 240Z, pale Mwanga hapa Kigoma lazima watokee vijana wawili watatu, wanaizunguka, wanapiga picha, alafu maswali ni yale yale: kaka hii umeipata wapi, spea unatoa wapi, haikusumbui, na mimi nikiipata nianzie wapi? Nimejibu kwa mdomo mwaka mzima sasa naandika yote yakae sehemu moja. Kama uko Kigoma au Tabora au popote ambako fundi wa karibu anayeijua hii gari ni mzee mmoja tu, mwongozo huu ni wako.

Kwa ambaye haijui, 240Z ni Datsun ya milango miwili, viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita za mstari yenye cc 2393 na kabureta mbili. Wajapani waliitoa mwishoni mwa 1969, kwao wanaiita Fairlady Z. Wazee wetu wanaikumbuka kwa mashindano ya East African Safari maana ilishinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, kwenye vumbi na matope haya haya ya kwetu. Kwaiyo anayekwambia ni gari ya lami tu mwambie akawaulize wazee. Ila kumbuka zile za mashindano zilikuwa na mafundi na spea zinazisubiri njiani, yako itakuwa na wewe.

Na neno kubwa nililonalo ni moja, mengine yote yanatoka humo: nunua bodi, usinunue injini. Mi ya kwanza niliinunua kwa sikio. Iliwashwa mbele yangu ikanguruma vizuri mno, moyo ukalainika, nikatoa hela siku ile ile bila kulala chini kuangalia. Nilipong'oa kapeti nyumbani nikaona ardhi. Ile gari iliishia kuwa spea. Ninayoendesha leo niliikuta Ujiji kwa mzee mmoja, chini ya mwembe, injini haigeuki, matairi yameisha upepo, watu wananishangaa naitaka ya nini, lakini bodi ilikuwa nzima. Injini ya hii gari inafufuka, bodi iliyooza inakula hela yako mpaka uchoke.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Usianze na mkono mtupu. Tafuta hivi:

- Spana za milimita kuanzia 8 mpaka 19, soketi zake, na soketi moja kubwa ya 27 ya boliti ya mbele ya krankishafti
- Fila geji, ya kupimia nafasi ya tapeti na pointi
- Mita ya umeme, hata ile ya bei rahisi inatosha
- Geji ya kupima kompresheni
- Jeki ya uhakika NA stendi zake mbili. Matofali sio stendi, gogo la mwembe sio stendi. Tofali linapasuka ghafla bila kukuaga
- Sumaku ndogo imefungwa kitambaa, tochi, bisibisi kuukuu
- Daftari. Kila ulichogusa andika tarehe na ulichofanya
- Simu ya kupiga picha kila waya na kila paipu kabla hujachomoa

Na hela. Ukiwa na milioni kumi usitafute gari ya milioni kumi, tafuta ya tano, tano nyingine itaingia kwenye breki, matairi, mipira na mabati, tena itaingia haraka kuliko unavyofikiria.

HATUA YA 1: Makaratasi kwanza, hata kabla ya kufungua boneti

Omba kadi ya gari. Soma namba ya chesisi na namba ya injini alafu nenda kazitafute kwenye gari lenyewe kwa macho yako. Ya chesisi imegongwa kwenye lile bati linalotenganisha injini na kabini, na kuna kibati kingine ndani ya boneti. Gari iliyotoka kiwandani na usukani wa kulia namba inaanza na HS30, ukikuta HLS30 ujue ilizaliwa usukani kushoto ikahamishwa. Kwetu hapa hilo ni la kuangalia kweli maana tumepakana na Burundi na Kongo ambako wanaendesha upande mwingine wa barabara, na gari iliyohamishwa usukani kienyeji ni hatari, angalia nani alichomelea pale na alichomelea vipi.

Injini yenyewe ya 240Z imegongwa L24. Ukikuta L26 au L28 imebadilishwa, zinaingia vizuri bila kulazimisha na zina nguvu zaidi, sio kosa, ila kadi lazima iseme hivyo hivyo.

Sasa hapa watu wengi wanaumia: magari haya mengi mwenye jina kwenye kadi alishafariki. Anayekuuzia ni mtoto au mjukuu au shemeji. Usitoe hela mpaka uone barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na anayesaini mkataba awe ndo huyo msimamizi. Najua mzee wa familia atakwambia "mwanangu sisi wote tumekubaliana", msalimie kwa heshima zote, kunywa chai yake, lakini subiri barua. Ukishaitengeneza ikang'aa ndo atatokea ndugu kutoka Dar anadai gari ya baba yake. Baada ya hapo mkataba mbele ya wakili, mashahidi pande zote mbili, alafu TRA kubadilisha jina mapema.

HATUA YA 2: Kutu

Hii ndo hatua yenyewe, ipe saa mbili nzima, mchana kweupe, na vaa nguo za kulala chini. Hii gari haina chesisi ya peke yake kama lori, bodi ndo chesisi, kwaiyo bati likioza chini nguvu ya gari nzima imeondoka. Fuata mpangilio huu:

a) Pale betri inapokaa. Asidi inamwagika miaka hamsini, inakula kikalio cha betri, inashuka kwenye bati la nyuma ya injini. Ng'oa betri uangalie chini yake, usikubali kuambiwa iko sawa.

b) Sakafu. Inua kapeti pande zote mbili. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu. Likibonyea au likitoa mlio wa majani makavu, limeoza.

c) Zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu kutoka mbele kwenda nyuma. Chokoa kwa bisibisi taratibu. Reli zikiwa zimebomoka au zimefunikwa bati jipya juu ya kutu, mimi ningerudi nyumbani.

d) Bavu za chini ya milango na ile kona iliyo mbele ya tairi la nyuma. Pitisha sumaku, isiposhika chini ya rangi hakuna bati, kuna puti.

e) Shimo la tairi la spea na bati la nyuma chini ya mlango wa buti. Maji yanaingia kupitia mpira wa mlango uliochoka yanakaa humo masika yote.

f) Pale shokapu za mbele zinaposhika juu. Hapo kukiwa na kutu ni usalama wako, sio urembo.

Ukimaliza fanya jaribio hili, nalipenda kuliko yote: piga jeki upande mmoja mpaka tairi lianze kunyanyuka, alafu fungua na kufunga mlango. Mlango ukianza kugoma wakati kabla ya jeki ulikuwa unafunga vizuri, gari imejikunja, mgongo wake umeoza.

KOSA LA KAWAIDA: kununua gari iliyopigwa rangi juzi. Rangi mpya kwenye gari ya zamani inayouzwa inaficha kitu. Bora ile iliyopauka unaona ukweli wake wote.

HATUA YA 3: Injini na mwendo

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto ujue kuna kitu kimefichwa kwenye kuwasha asubuhi. Fungua kifuniko cha oili, ukiona kitu kama uji wa maziwa maji yanaingia kwenye oili, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Ikiwaka angalia moshi: wa bluu inakula oili, mweupe mzito usioisha ni maji, mweusi ni petroli nyingi na huo ndo mwepesi kuliko yote.

Pima kompresheni. Toa plagi zote sita, zima moto wa koili, kanyaga mafuta mpaka mwisho wakati unapiga stata, andika kila silinda. Sio namba kubwa unayoitafuta, unatafuta zikaribiane. Moja ikiwa chini mno kuliko wenzake, tia kijiko cha oili kwenye silinda iyo upime tena: ikipanda ringi zimechoka, isipopanda ni valvu au gasketi.

Barabarani sikiliza gia ya pili ukiipunguza kutoka ya tatu, ikikwaruza hiyo ni ya kawaida kwa umri huu, punguza bei tu. Ukiachia klachi ukasikia "kloko" nyuma, mpira wa kushikilia difu umechoka, hiyo sio balaa.

HATUA YA 4: Kuiamsha gari iliyolala

Umeshainunua, imekaa miaka, una hamu. USIPIGE STATA. Nimeona watu wanaifunga kamba kwenye Noah wanaivuta ili iwake, ringi zinakwaruza silinda kavu, injini imeisha siku hiyo hiyo. Fanya hivi:

1. Mwaga petroli yote ya zamani. Tangi lina nati ya kumwagia chini. Petroli iliyokaa miaka inanuka kama rangi na inakuwa gundi kwenye kabureta. Ukikuta matope na kutu tangi linashuka linaoshwa, hakuna njia ya mkato hapo. Na usiruhusu mtu yeyote achomelee chochote karibu na tangi, hata likiwa tupu, maana tangi tupu lina mvuke na mvuke ndo unaolipuka.

2. Mwaga oili, badilisha filta, tia mpya. Kwa joto letu 20W-50 inafaa.

3. Toa plagi, tia oili kijiko kimoja kila tundu, acha ilale usiku mzima.

4. Kesho yake chukua soketi ya 27, zungusha krankishafti kwa mkono, taratibu, kuelekea mshale wa saa unapoitazama kutoka mbele. Ikigoma usilazimishe na bomba refu, ongeza oili upumzike siku mbili. Yangu ilichukua siku nne ikaachia yenyewe.

5. Ikishazunguka huru, piga stata bila plagi mpaka geji ya oili ipande. Hapo ndo urudishe plagi.

6. Mipira yote ya petroli badilisha kabla ya kuwasha. YOTE. Kabureta za hii gari zinakaa juu ya manifoldi ya ekzosi, upande mmoja, kwaiyo mpira ukivuja petroli inadondokea kwenye chuma cha moto. Weka mtu pembeni na zimamoto au mchanga ndoo nzima.

HATUA YA 5: Breki, kabla haijatoka getini

Barabara ya kushuka kutoka Mwanga kwenda stesheni inakwambia kama breki zako ni nzima, ila usiiache barabara ndo ikupe jibu. Mbele kuna diski, nyuma madramu. Gari iliyolala breki zote huwa zimeshika au zinavuja. Badilisha mipira ya masta silinda, ya silinda za magurudumu, hosi zote nne, mwaga oili ya breki ya zamani yote. Tia DOT 3 au DOT 4. Toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

ONYO: ukifungua madramu usipulize lile vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani zilitengenezwa na asbestosi, inaua mapafu taratibu. Futa kwa kitambaa cha maji ukitupe kikiwa kibichi. Mafundi wetu wengi wanapuliza, waambie.

Matairi angalia tarehe sio kashata. Pembeni kuna tarakimu nne, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi la zamani lenye kashata nzuri linapasuka ukiwa mwendo kasi.

HATUA YA 6: Maji

Bloku ni chuma, silinda hedi ni aluminiamu. Vyuma viwili tofauti vikikaa kwenye maji matupu vinaliwa, na ikichemsha sana hedi inapinda. Kwaiyo acha kabisa kutia maji ya bomba peke yake au ya ziwa. Tia kulanti iliyochanganywa na maji safi. Fungua rejeta, osha kwa kurudisha maji kinyumenyume mpaka yatoke meupe, badilisha thamostati na mipira.

KOSA LA KAWAIDA kwetu huku ni kutoa thamostati "ili ipoe". Inapoa kupita kiasi asubuhi, inakula petroli, injini inachoka mapema, na kama rejeta imeziba bado itachemsha tu kwenye mlima. Tibu rejeta.

HATUA YA 7: Tapeti na moto

Kuna cheni sio belti ya taimingi, kwaiyo hakuna cha kukatika kila kilomita laki. Lakini nisikilize hapa vizuri: kama fundi anataka kutoa hedi au ile gia ya juu ya kamshafti, lazima kwanza achomeke kabari ya mbao katikati ya cheni ili tensheni isichomoke. Ikichomoka inadondoka ndani na hapo unafungua injini mbele yote. Mafundi wazuri kabisa waliozoea injini mpya wanafanya hili kosa kwa sababu hawajawahi kukutana nayo. Waonyeshe hii sentensi kabla hawajashika spana.

Tapeti: injini ikiwa baridi, valvu ya kuingiza 0.20, ya ekzosi 0.25 milimita. Unalegeza nati ya 17 unazungusha ya 14. Utajuaje ipi ni ipi? Fuata tundu lake kwenye manifoldi, linaloelekea kabureta ni la kuingiza. Kila valvu ipime kamu ikiwa imeipa mgongo. Tapeti zinazolia kidogo ni bora kuliko zilizobana zisizolia, iliyobana inaunguza valvu kimya kimya.

Moto: silinda namba 1 ni ya mbele karibu na rejeta, mpangilio ni 1-5-3-6-2-4, na rota inazunguka kinyume cha mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Andika hiyo kwa rangi ndani ya boneti. Plagi NGK BP6ES, nafasi 0.8 mpaka 0.9. Pointi 0.45 mpaka 0.55. Ukishindwa kupata pointi nzuri, na zilizopo sokoni nyingi ni laini zinaisha haraka, tafuta distributa ya elektroniki ya 280ZX, inaingia na inakuondolea pointi moja kwa moja, ila funga waya sawa na koili yake.

HATUA YA 8: Kabureta mbili zipumue pamoja

Watu wanaziogopa bure. Ni chombo rahisi, pistoni inapanda na sindano inapanda nayo. Utaratibu ni huu na usiubadilishe: tapeti kwanza, moto wa pili, kabureta mwisho. Ukianza na kabureta utazungusha skrubu mpaka jioni wakati kosa lilikuwa kwenye pointi.

1. Nyanyua kila pistoni kwa kidole, iachie. Lazima ishuke taratibu alafu igonge "tak". Isipogonga ni chafu, ifungue uoshe kwa petroli na kitambaa laini, usitumie msasa KAMWE. Na usichanganye pistoni ya mbele na nyumba ya nyuma, kila moja imezaliwa na yake.

2. Tia oili kwenye dampa, ya 20 inatosha. Ikikauka gari inakohoa ukikanyaga ghafla.

3. Nati za chini za mchanganyiko, zipandishe mpaka mwisho alafu shusha raundi mbili na nusu kila moja. Hapo ndo pa kuanzia.

4. Injini ikiwa ya moto, chukua mpira mwembamba kama mita moja, upande mmoja sikioni upande wa pili kwenye mdomo wa kabureta. Sikiliza ya mbele, sikiliza ya nyuma. Rekebisha skrubu za sailensa (zile za mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) mpaka sauti zifanane. Mpira wa shilingi elfu moja unafanya kazi ya kipimo cha bei.

Kama gari ni ya 1973 unaweza kukuta kabureta zenye vichwa bapa badala ya vya duara. Hizo zinasumbua sana kwenye joto, wengi huzitoa wakaweka za duara za miaka ya nyuma, na mimi nawaunga mkono.

HATUA YA 9: Umeme

Taa za mbele kwenye hii gari umeme wote unapita kwenye swichi ya usukani na boksi la fyuzi, hakuna rilei. Baada ya miaka hamsini boksi linayeyuka. Mwambie fundi umeme aweke rilei mbili za taa, waya mnene kutoka betri, fyuzi yake. Kazi ya nusu siku na taa zitang'aa kama gari nyingine. Safisha na arthi zote, ya betri, ya injini, ya bodi, kwa msasa mpaka chuma king'ae. Nusu ya matatizo ya umeme niliyopata yalikuwa ni arthi yenye kutu. Chaji pima kwenye betri injini ikiwa inanguruma, iwe kati ya 13.8 na 14.5.

HATUA YA 10: Kuilinda isioze tena

Kigoma unyevu wa ziwa, masika ndefu, udongo mwekundu unaoshika matope chini ya bati. Kila masika ikiisha piga jeki, osha chini kwa maji mengi hasa mabati ya juu ya matairi, acha ikauke kabisa juani siku mbili, alafu paka oili na grisi sehemu zote zilizojificha. Sisi hapa tuna mfano wetu bandarini: ile meli ya Liemba Wajerumani walipoizamisha 1916 walipaka injini zake grisi nzito kwanza, ikakaa ndani ya ziwa mpaka 1924 ilipoibuliwa, na 1927 ikaanza kazi upya. Kama grisi ililinda injini chini ya Tanganyika miaka ile yote italinda na bavu za gari yako.

Na usiifunike turubai la nailoni, linafungia unyevu ndani. Kivuli chenye upepo ni bora zaidi. Kila wiki iendeshe walau nusu saa mpaka ipate moto kamili, kuwasha dakika tano ukazima ni kuijaza maji kwenye ekzosi.

Spea: injini za L zilifungwa kwenye Datsun na Nissan nyingi sana, kwaiyo vitu vingi vya injini unapata Gerezani pale Kariakoo ukimpa muuzaji sampuli au picha yenye vipimo. Mipira ya milango, vioo na taa ndo shida, hivyo huagizwa nje, ndo maana nasisitiza nunua gari ambayo vitu hivi vimekamilika. Usitume hela kabla hujatumiwa picha ya kitu chenyewe kikiwa kwenye mizani au kando ya rula.

MATATIZO YANAYOULIZWA SANA

Inawaka vizuri asubuhi, nikisimama sokoni dakika kumi na jua haiwaki tena. Petroli inachemka kwenye kabureta kwa joto la ekzosi chini yake. Fungua boneti ipoe dakika kumi, ukiwasha kanyaga mafuta mpaka mwisho usipampu. Dawa ya kudumu ni bati la kuzuia joto lirudishwe, wengi walilitupa, na paipu ya petroli isogezwe mbali na injini na ivalishwe kitambaa cha kuzuia joto.

Inamisi ikipanda mlima, kwenye tambarare iko sawa. Anza na filta ya petroli, kama tangi halikuoshwa kutu inaziba. Alafu pointi, alafu kofia ya distributa iangalie gizani kama cheche zinatembea.

Klachi haiachii, gia zinagoma kuingia. Kwa gari iliyolala muda mrefu sahani imegandana na flaiwili. Pasha injini moto, iweke gia ya nne mahali pa wazi, kanyaga klachi na breki pamoja uipige stata kidogo kidogo. Ikikataa huenda masta silinda ya klachi inavuja, angalia chini ya pedali kama pana maji maji.

Geji ya joto inapanda mjini, ikitembea inashuka. Feni au mkanda wake. Ikiwa kinyume, inapanda kwenye mwendo, ni rejeta imeziba.

Betri inaisha usiku. Chomoa waya hasi wa betri, weka mita katikati, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Saa ya dashibodi na redio iliyofungwa kienyeji ndo watuhumiwa wa kwanza.

Harufu ya moshi ndani ya gari. Hili usilizoee hata siku moja. Hizi gari umbo lake la nyuma linavuta moshi wa ekzosi kuurudisha ndani ukiendesha madirisha wazi, unapita kwenye mpira wa mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma. Moshi huo una gesi isiyo na harufu inayolaza dereva usingizi. Ukianza kuumwa kichwa safarini kwenda Kasulu simama, shuka, pumua. Alafu ukirudi weka mpira mpya wa mlango wa nyuma, ziba kila tundu la waya kwenye bati la nyuma, gasketi za taa zikikosekana kata za mpira wa tyubu, na bomba la ekzosi litokeze nje ya bampa lisiishie chini. Kuhakikisha, mwambie mtu akae ndani usiku na tochi inayowaka milango yote imefungwa, wewe kaa nje nyuma: popote utakapoona mwanga unapenya ndo moshi unapoingilia.